Mkanda wa Chiriku

Machi 9, Jumatatu

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Nesi wa sukari pale kliniki amesema kila mzazi anayemjaribishia mtoto pampu aandike yanayotokea, mistari miwili mitatu inatosha. Mimi si mtu wa mistari miwili. Shule niliiacha mapema, kweli, lakini mwandiko wangu mtu akiuona huuliza ni wa mwalimu gani. Nesi, ukifika mahali pasipokuhusu, ruka.

Mwanangu ana miaka tisa. Jina lake analo, ila nyumbani ni Chiriku, maana tangu alipojua kusema hajanyamaza. Anaongea akila, anaongea akioga, anaongea usingizini. Ana kisukari tangu akiwa na miaka minne, kile cha watoto, ambacho kongosho limegoma kabisa kutoa insulini. Asipopewa insulini kutoka nje, anakwisha ndani ya siku chache. Nimeandika hivyo mara moja na sitaandika tena.

Sindano zote namchoma mimi. Mkono wangu unajulikana kliniki nzima. Nesi huwaita wanafunzi wake waje wauone. Chiriku huwa katikati ya hadithi yake nikimchoma, na hadithi haikatiki. Baba yake alijaribu mara moja, akatetemeka mpaka sindano ikaanguka sakafuni. Mama mkwe hata kuitazama hawezi, hugeukia ukutani. Kwa hiyo mtoto anafuata mkono wangu, na mkono wangu uko kwa dobi, ninakopiga pasi. Akitoka shule anakuja huko huko, anapanda juu ya mzigo wa mashuka karibu na meza yangu, anapiga soga na kila mtu mpaka nitoke.

Pampu ziko za aina mbili. Moja ni ya kubandika: imekaa kama yai lililokatwa nusu, inagandishwa mkononi au tumboni, unaiongoza kwa kidude mfano wa simu. Nyingine ni ya mrija: mashine yenyewe inavaliwa kiunoni, na mrija mwembamba unapeleka insulini chini ya ngozi. Tutaanza na ya kubandika, kisha ya mrija, na mvua zikiisha tunachagua. Ukishachagua ni hiyo hiyo miaka minne, hakuna kurudisha. Nimetia sahihi. Kalamu iliteleza kwa jasho, na nje kulikuwa na baridi.

Machi 10

Mvua. Sukari nzuri. Mkono wangu uleule.

Machi 12, Alhamisi

Kikao cha familia kuhusu pampu. Mume wangu ni fundi wa lifti, na ukimsikiliza utadhani dunia nzima inaning'inia kwenye kamba zake. Yeye anazitaka pampu. Anasema mashine ni mwaminifu kuliko binadamu kwa sababu haifi kimyakimya. Lifti haikwami mpaka iwe imelia kwanza, siku mbili, wiki, ila watu hawasikii. Na hizi pampu zinalia zenyewe: insulini ikikaribia kwisha zinalia, mrija ukiziba zinalia.

Mama mkwe aliweka kikombe chake chini. Kisha akauliza, "Sawa, mashine itasema. Na mtoto je?"

Tukamuuliza mtoto je nini.

"Mtoto naye si atasema? Nani atamsikiliza, na nyote mnatazama mashine?"

Mume wangu akacheka, na mimi nikacheka zaidi ili anione niko upande wake. Mama mkwe ni mtu ambaye simu ikiita anaifunika kwa kitambaa. Nampenda, ni mama wa mume wangu. Ila siwezi kumwachia mwanangu hata kwa muda wa kwenda dukani.

Machi 16, Jumatatu

Pampu ya kwanza imebandikwa leo, mkono wa kushoto. Nesi alifundisha, nikarudia mbele yake bila kukosea. Wazazi wengine walirudia mara tatu.

Tulimkuta Mama Pacha. Mmoja wa pacha wake ana sukari kama Chiriku, na anayo hiyo ya kubandika tangu mwaka jana. Akasema wao sindano wameshazisahau, hata hajui alikoziweka. Akasema na jicho la pembe. Nikamwambia hongera. Moyoni nikasema mtu asiyejua sindano za mwanawe ziko wapi hajui pa kukimbilia siku ya siku. Nimerudi nyumbani nikaziweka zangu kwenye mkoba ninaokwenda nao kazini.

Usingizi sina. Namtazama kifua kikipanda na kushuka.

Machi 19

Mvua. Kidude kinasema shwari. Sukari kweli ni nzuri, kuliko ya mkono wangu. Nimeipima mara mbili nikitafuta kosa.

Machi 27, Ijumaa

Leo nilipoteza pampu.

Msimu wa mvua kwa dobi ni kama vita. Mashuka ya hoteli hayakauki kambani, yote yanakaushwa kwa mashine na kwa pasi, mvuke unajaa mpaka kuta zinatoka jasho. Chiriku alikuwa juu ya mzigo akiwapa habari za shule. Nikataka kumpa insulini ya chakula, kidude kikaanza kulia kwamba hakimwoni mwenzake. Nikapandisha mkono wa gauni. Hakuna. Ngozi tupu na alama ya gundi.

Tuliacha kazi. Tajiri, ambaye ndiye mwenye duka, alipiga magoti na suruali yake nzuri akachungulia chini ya mashine. Kimbaumbau, mkunjaji wetu, mrefu mpaka taa zinamgonga, akafungua mashuka yote aliyokunja tangu mchana. Akaipata ndani ya foronya, tayari kwenda hotelini. Akasema mgeni angelala na ugonjwa wa mtu. Watu wakacheka. Mimi nilicheka meno tu. Ilikuwa imebanduka lini? Sukari ilikuwa imeshapanda. Nikamchoma kwa mkono wangu, hadithi haikukatika.

Nesi amesema kwa simu kwamba mvuke umelegeza gundi.

Machi 28

Imebandikwa upya.

Aprili 1

Imebanduka tena. Kwa Mama Pacha haibanduki.

Aprili 6, Jumatatu

Leo ya mrija. Mrija wenyewe ni kama uzi wa kushonea viatu, na mwanangu ananing'inia hapo. Nimemuuliza nesi ukikatika, akajibu. Ukijikunja, akajibu. Mtoto akiulalia, akajibu. Nikamuuliza swali la kwanza tena. Akanishika mkono akanipa maji.

Inaweza kuvuliwa mara moja moja, kwa mfano kuoga, lakini isizidi saa moja, maana ndani yake iko insulini ya haraka tu, isiyokaa mwilini. Akiikosa, sumu inaanza kujijenga mwilini, wanaiita ketoni. Akasema pia isipigwe jua wala isiwekwe penye joto. Nikamwambia nesi, jua lenyewe liko wapi miezi hii? Akacheka. Tukacheka wote.

Aprili 8

Mashine inakaa vibaya kiunoni, inamgonga akikimbia. Nitamshonea mkanda.

Aprili 11, Jumamosi

Nimemaliza mkanda, na nisiposema mimi nani atasema: sijaona kitu kizuri namna hii. Kitambaa cha pazia la hoteli, cha buluu. Ndani nimeweka tabaka la blanketi, na nje tabaka jingine, mashine isigongwe wala isiingie maji ya mvua. Nimeushona kwa mkono, mshono wa kurudi nyuma, na mbele nimetarizi ndege mwenye mdomo wazi. Chiriku kauvaa, kajizungusha mpaka kizunguzungu. Baba yake kauvuta huku na huku kama kamba ya lifti, kasema hata akianguka ghorofa ya pili mashine itapona. Nikamwambia asitaje kuanguka.

Mama mkwe akaubonyeza kwa kidole. "Umemvalisha godoro," akasema. Hajui kusifu.

Aprili 15, Jumatano

Kliniki. Mkanda umezunguka mikono ya watu kama mtoto mchanga. Daktari kausifu. Nesi kapiga picha. Na Mama Pacha, kwa kinywa chake, kaniuliza kama naweza kumshonea. Nikamwambia nina kazi nyingi, nitaona. Nilitembea mpaka nyumbani bila mwavuli, sikuhisi mvua.

Aprili 17

Mvua. Mashine inasema shwari. Jana nililala, mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Nimeshaanza kuipenda hii ya mrija. Nikiulizwa sasa hivi nachagua hii.

Aprili 20

Mvua. Shwari.

Aprili 22

Sukari inapanda kidogo jioni. Nimeongeza kwa pampu. Shwari.

Aprili 23

Inapanda jioni tena, asubuhi iko sawa. Mume wangu kauliza kama imelia. Haijalia. Basi ni kukua huko, kasema.

Aprili 26, Jumapili

Naandika wodini. Mtoto amelala na hali ni nzuri, nataka hilo litangulie.

Ijumaa mvua ilikuja na upepo, tajiri akafunga madirisha yote. Mashuka ya hoteli mbili kwa siku moja. Mvuke ulikuwa mzito hata Kimbaumbau hakuonekana kichwa. Chiriku alifika amelowa, anatetemeka, nikamvua sweta nikamkalisha kwenye mzigo ulio karibu na mashine ya kukaushia, kwenye joto, apate kukauka. Mimi mwenyewe nilimkalisha. Alikuwa amekaa hapo kila siku ya wiki ile, kwa sababu ya baridi.

Nikampima, sukari imepanda. Nikabonyeza pampu, ikasema imetoa. Akaomba maji, akaenda chooni, akaomba maji tena. Dalili hizo ninazijua kuliko jina langu. Nikapima: imepanda zaidi. Nikabonyeza, ikasema imetoa. Nikampigia baba yake.

"Imelia?" akauliza.

"Haijalia."

"Mrija umejikunja?"

Nikautazama wote, umenyooka. "Hapana."

"Basi inafanya kazi. Ipe muda."

Nikaipa muda. Mimi, ambaye nisingempa muda mtu yeyote duniani juu ya mwanangu, nikaipa mashine muda, kwa sababu ilikuwa imeandika kwa utulivu kabisa kwamba mambo ni shwari. Nikarudi kwenye pasi. Nakumbuka niliona raha kwamba kazi inakwenda, hakuna wa kunikatiza. Ni Kimbaumbau aliyesema, akipita na mzigo, "Leo Chiriku kapata adabu."

Nikainua kichwa. Alikuwa amekaa ametulia, mikono juu ya ndege wa mkanda, macho wazi. Tangu lini? Sikuwa na habari. Nikamwita, akaitika kwa kichwa.

Nilimsogelea nikanusa kinywa chake, kama nilivyofundishwa, maana ile sumu ina harufu. Sikusikia kitu. Nitalieleza hili kwa makini, nesi, uwaambie na wengine. Kwetu tunatia manukato kwenye maji ya mwisho ya mashuka, na yakipashwa moto duka lote linanukia maua. Nguo zangu zinanukia maua, nywele zangu, mikono yangu. Nilinusa kinywa cha mwanangu nikasikia maua, nikajiambia yuko salama.

Akasema tumbo linamuuma, anataka nje. Nikambeba mpaka barazani, na mlango ukafungika nyuma yetu. Upepo ukatupiga usoni pamoja na mvua, hewa safi, haina kitu. Hapo ndipo harufu iliponipata. Kama tunda lililoiva likapitiliza, likaanza kulewesha nzi. Ilikuwa inatoka kwa mwanangu.

Sikupiga kelele. Nilisema tu jina lake, lile la kweli, na Kimbaumbau akatoka mbio kwa namna nilivyolisema. Nikamwambia mkoba wangu, na ile chupa ndogo ya insulini ninayoiweka kwenye friji ya soda ya tajiri. Vikaja. Kifaa cha kupimia safari hii hakikutoa namba, kiliandika tu kwamba iko juu mno. Nikavuta dawa, nikabana ngozi ya mkono wake. Mvua inatupiga. Mkono wangu ukatetemeka. Miaka mitano haujatetemeka.

"Mama," akasema, "imeuma."

Kimbaumbau na tajiri walitupakia kwenye gari la kupelekea mashuka. Njia nzima nilimwambia aongee. Aongee chochote, habari za shule, aseme uongo. Akasema amechoka kuongea.

Wodini wakamtia maji na insulini kwenye mshipa. Baba yake akaja na sare ya kazi, grisi mikononi, akasimama mlangoni asijue pa kuiweka hiyo mikono. Alirudia jambo moja tu, kwamba haikulia. Aliwaambia madaktari kama mtu anayetoa ushahidi: haikulia.

Nesi wa sukari alikuja Jumamosi ingawa si siku yake. Akaufungua mkanda, akaichomoa mashine kutoka ndani ya blanketi zangu, akakitoa kichupa cha ndani, akatuambia insulini hii imeharibika. Joto la mwili, joto la duka, na blanketi mbili zinazoshika joto lisitoke. Wiki nzima nilikuwa naioka kila mchana. Akasema, "Pampu haikukosea, mama. Ilimpa kila tone. Ila tone lenyewe halikuwa dawa tena."

Nikamuuliza kwa nini haikulia. Akasema haina ulimi wa kuonja, inachojua ni kusukuma tu. Kisha akasema kosa ni lake pia, alitaja jua akacheka nasi, hakuuliza ninafanya kazi wapi. Alisema kwa huruma. Huruma ilinichoma kuliko lawama.

Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha pembeni toka jana. Alipoona namtazama akasema, "Mgema akisifiwa..." Akaishia hapo, akanimiminia chai. Alichobakiza nakijua.

Aprili 28

Tumerudi. Sindano. Pampu iko kabatini, sitaki kuiona. Mvua.

Aprili 30, Alhamisi

Sindano ya asubuhi imeuma. Ya mchana imeuma. Mkono umeijua hofu, na sasa haitoki. Chiriku hasemi, anauma mdomo, na hadithi inakatika.

Mei 3, Jumapili

Nimetangaza nyumbani kwamba tumemaliza na pampu, si ya kubandika wala ya mrija. Nitarudi kliniki niseme ahsanteni. Mume wangu hakubisha. Amekuwa mpole siku hizi mpaka ninamwogopa. Amesema kazini amefungua lifti ambayo haikulia, ili aitazame tu.

Aliyebisha ni mama yake, anayelala kwetu tangu tutoke wodini. Alisubiri mwanawe atoke, akaniita jikoni.

"Mke mwanangu, mtoto hawezi kurudi kule kwa dobi. Hata sindano zako zitapikika mle. Hata yeye mwenyewe anapikika."

Nikamwambia najua, lakini niko peke yangu, akikaa pengine nani atamchoma?

"Mimi sindano siwezi," akasema. "Nimejaribu kwenye chungwa, nimeshindwa. Lakini kitufe naweza."

Niliona chungwa lenyewe, liko dirishani, lina matundu.

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi kitufe nilikiweza. Nilikibonyeza vizuri sana, mwanangu akakauka mbele yangu. Na wewe, mama, unayefunika simu kwa kitambaa? Sikumwambia. Nilisema tutaona, kama nilivyomwambia Mama Pacha.

Mei 5

Mvua imepungua. Tajiri ananiuliza nitarudi lini. Chiriku anashinda na mimi nyumbani, tunatazamana.

Mei 8, Ijumaa

Siku ya kuchagua. Nilikwenda na hotuba yangu ya kukataa, nimeikariri. Mama Pacha alikuwepo. Habari zilikuwa zimemfikia, nikajikaza nisubiri sindano yake. Akanisogelea akasema mwaka jana ya mwanawe ilichomoka usiku, wakaamkia hospitali, na hajawahi kumwambia mtu. Akaniuliza mimi sindano huwa naziweka wapi. Nikamwonyesha mkoba. Tulikaa benchi moja mpaka zamu yetu.

Nesi hakunisikiliza hotuba. Alimuuliza Chiriku.

Chiriku akasema anataka ya mrija. Wote tukageuka. Baba yake akamuuliza kwa upole kama anakumbuka ndiyo iliyokuwa kiunoni siku ile.

"Nakumbuka," akasema. "Ila hii inavuliwa. Ile nyingine ukiibandika ni siku tatu haitoki. Mimi nikioga nataka niwe sina kitu. Niwe mimi tu."

Mwanangu ana miaka tisa na hilo ndilo analolitaka katika dunia. Muda wa kuoga. Hotuba yangu ikaniponyoka. Nikatia sahihi ya miaka minne, na safari hii kalamu haikuteleza, nilikuwa nimeikamata kama mwizi.

Tangu nitoke pale ninafikiria kitu kimoja: akiivua, nani atakumbuka kuirudisha?

Mei 10

Nimeufumua mkanda. Blanketi zote nje. Umebaki kitambaa chembamba chenye matundu ya hewa, na mashine inakaa juu ya gauni, mbali na ngozi. Ndege nimembakiza. Sasa ukiutazama ni mkanda wa kawaida kabisa, hakuna wa kuupiga picha.

Mei 12, Jumanne

Chiriku anamfundisha bibi yake. Mama mkwe amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Anasoma kila namba kwa sauti, kisha anamwambia mtoto airudie, kisha anaisoma tena kana kwamba imebadilika njiani. Kabla hajabonyeza lolote anakishika kidevu cha mtoto, anamtazama macho, anamwambia atoe ulimi, anamnusa kinywa, ndipo anamuuliza, "Na wewe mwenyewe unajionaje?" Zamani ningecheka. Leo nilihesabu mara ngapi mimi nilimuuliza hivyo mwezi wa nne, nikaacha kuhesabu.

Mama mkwe hanukii kitu, ila sabuni ya mche na moshi kidogo.

Mei 15

Mvua ya manyunyu. Nimewaandalia sindano na dawa kwenye friji ya mama mkwe, nyumbani kwake, hata kama hawezi. Jirani yake wa mlango wa pili ni mkunga aliyestaafu, amesema ataweza yeye. Nilimjaribu kwa chungwa.

Mei 18, Jumatatu

Siku ya kwanza. Mimi kwa dobi, Chiriku kwa bibi yake. Nimepiga simu mpaka mama mkwe akaacha kupokea. Nadhani ameifunika kwa kitambaa. Nimeunguza foronya ya hoteli. Tajiri akaitazama ile alama ya pasi, akasema ataitundika ukutani.

Mei 19

Mzigo wa mashuka uko pale pale, hakuna aliyeukalia. Kimbaumbau kasema duka limekuwa kama kanisa siku ya Jumatatu. Sukari jioni: nzuri. Nimepima mwenyewe, mara mbili.

Mei 20

Nzuri. Siamini.

Mei 22, Ijumaa

Leo hakukunyesha. Mashuka yalianikwa nje kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, tukaachiwa mapema. Sikumwambia mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe, nataka kuwakuta kama walivyo, si kama wanavyojiandaa. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Sebuleni hakuna mtu, jikoni hakuna mtu. Mkanda wa buluu uko juu ya kiti, mtupu.

Nikauona mkanda ule mtupu na yule ndege mdomo wazi, na miguu ikajiendea yenyewe mpaka ukumbini.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa bafu, amejaza njia yote. Mapajani ametandika taulo kavu, na juu ya taulo iko pampu, mrija wake umezungushwa vizuri, na mikono yake yote miwili imeizunguka bila kuigusa, kama mtu aliyekinga mshumaa. Miwani mbili. Saa ya ukutani ameishusha na kuiegemeza sakafuni, mbele ya miguu yake. Ndani maji yanamwagika, na Chiriku anaeleza kwa kirefu habari ya mwalimu aliyekaa kwenye chaki.

Nikasalimu. Hakugeuka wala hakunyoosha mkono, yeye ambaye salamu kwake ni nusu ya dini.

"Utanisamehe, mke mwanangu, sikupi mkono," akasema. "Nimeshika kongosho la mtoto."

Nilitaka kusema niachie mimi sasa, nimefika. Neno lilifika hadi kwenye meno. Nikavua viatu, nikakaa sakafuni kando ya kigoda chake, mgongo ukutani, tukaitazama saa pamoja.

Halafu ndani kukawa kimya. Maji yanamwagika, sauti hakuna. Sikuwahi kujua kama mama mkwe naye anajua kimya kile, lakini vichwa vyetu viliinuka kwa pamoja, na mkono wake mmoja ukatoka kwenye pampu ukanishika bega.

"Bibi," Chiriku akasema ndani, "sabuni iliniingia mdomoni. Nilifikia wapi?"

"Kwenye chaki," tukajibu wote wawili.